Mabonge Mgongoni mwa Chinchila

Kazi yangu ni kushuku watu. Nasema bila aibu, maana ndiyo inayoniweka mjini: mimi ni mwalimu wa nidhamu katika shule moja ya sekondari hapa Kibaha, na kwa miaka mingi nimejizoeza kumtazama mtu mikono kabla ya uso. Mwanafunzi aliyeficha karatasi ya majibu ndani ya soksi hukaa wima kuliko wenzake wote. Aliyetoka kuvuta sigara chooni huniamkia shikamoo mara mbili. Mume wangu hunitania kwamba hata kanisani, wakati wenzangu wamefumba macho kwa sala, mimi huwa nimefumbua moja. Sibishi, kwa sababu ni kweli.

Kwa hiyo Jumamosi ile nilipokuta bonge la kwanza, sikujiuliza limetokeaje. Nilijiuliza ni nani.

Lilikuwa nyuma ya shingo ya chinchila wetu, juu kidogo ya mabega, ukubwa wa korosho moja. Manyoya yalikuwa yameshikana yakawa magumu, kama sweta la sufu lililofuliwa kwa maji ya moto. Kwa asiyemjua, chinchila ni mnyama mdogo wa jamii ya panya, mkubwa kidogo kuliko ngumi mbili, mwenye mkia wa kichaka na masikio ya duara. Asili yake ni milima ya baridi kali na ukavu huko Amerika ya Kusini, ndiyo maana amevikwa manyoya mazito ajabu, ukimshika vidole vinazama visiione ngozi. Manyoya hayo hayataki maji kabisa. Yakilowa hayakauki upesi, yanagandamana, yanafanya mabonge, na ngozi iliyo chini inaanza kuota ukungu. Ndiyo maana mnyama huyu haogi maji, anaoga vumbi. Unamwekea bakuli la vumbi laini, anaingia, anajigaragaza humo kwa furaha zote, kisha anatoka akijikung'uta, msafi kuliko mtu aliyetoka bafuni.

Alifikaje Kibaha? Mume wangu ni dereva. Familia ya wageni aliyokuwa akiiendeshea gari Dar ilirudi kwao ghafla, ikamkabidhi mnyama, kizimba chake, feni ndogo ya mezani na karatasi moja ya maelekezo ya Kiingereza. Nikaitafsiri mwenyewe, nikaiandika upya kwa kalamu ya wino mzito na kuibandika ukutani juu ya kizimba. Sharti la kwanza: ASILOWE HATA TONE. La pili: asipate joto. Mengine yalihusu majani makavu, vijiti vya kutafuna na kutomshika mkia. Sharti la kwanza nililipigia mistari miwili. La pili nililimaliza kwa kuwasha feni saa zote na kuweka vigae viwili ndani ya kizimba ili alalie ubaridi. Kwa majani nilimpata mwalimu mwenzangu mwenye shamba kijiji cha Janga, akawa ananikaushia na kuniletea kila Ijumaa. Bwana mifugo nilimwita mara moja aje amtazame. Alimzunguka kwa muda, akavua kofia, akasema, "Mwalimu, huyu hakuwepo kwenye mtaala wetu." Akaenda zake.

Nilimpenda yule mnyama, na sababu naijua. Natoka Makete, kule ambako asubuhi za Juni unavunja barafu nyembamba juu ya ndoo ndipo unawe uso. Nilipoletwa Pwani kuanza kazi nililia kwa joto wiki nzima. Watu wa huku walinionyesha feni na kunipa pole, lakini hakuna aliyeelewa kwamba mtu anaweza kuikumbuka baridi kama anavyomkumbuka mama yake. Chinchila alipofika, nikamwona ni mwenzangu, mtu wa milimani aliyetupwa tambarare akiwa na koti lake zito mwilini. Nilimzungumzisha kila jioni, na mume wangu akawa anauliza kama mjomba wangu ameshakula.

Mama mkwe alikuja kwetu, mtaa wa Mbwawa, mwezi uleule aliofika chinchila. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, na mume wangu, mwanawe pekee aliyebaki, hakutaka tena arudi kukaa peke yake kwao Kisarawe, kwenye nyumba ambayo tangu baba mkwe afariki ilikuwa na yeye na kuku tu.

"Akae hapa moja kwa moja," aliniambia. "Watoto wako bweni, chumba kipo. Ila mwenye nyumba ni wewe, mwalimu. Akishindwa kukaa, atakuwa ameshindwa kwako."

Hakulisema kwa ubaya, ila ndivyo hali ilivyokuwa. Mahali pa yule mama pa kumalizia uzee wake palikuwa mikononi mwangu, na sote watatu tulilijua hilo.

Siku ya kwanza alikisogelea kizimba, akakunja uso kwa jicho lake jipya. "Mnafuga panya?" akauliza. Nikamweleza kwamba si panya hasa. Akatazama feni. "Na ana feni yake mwenyewe!" Nikamweleza kuhusu vumbi na maji, naye akasikiliza huku akiguna. Wiki ya pili alikwenda kwao kuwagawa kuku kwa jirani, akarudi na mfuko wa udongo mweupe wa vilima vya kwao, ameutwanga na kuuchekecha kwa kitambaa mpaka umekuwa laini kama poda. Akaniambia vumbi letu linakaribia kuisha, ameliona. Chinchila aliingia kwenye udongo ule na kugaragara mpaka tukacheka sote. Nilimshukuru kwa moyo mweupe. Bonge la kwanza lilikuwa halijatokea bado.

Kufumua bonge si kazi ya haraka. Nilikaa sakafuni, nikampakata juu ya taulo, nikangoja atulie. Kumvuta huwezi, kwa sababu chinchila akiogopa huyaachia manyoya yake yenyewe, shungi zima linabaki mkononi mwako naye anakimbia na kipara. Kulilowesha bonge ili lilainike ndiyo usithubutu. Unalibana kwenye shina, karibu na ngozi, kwa vidole viwili, ili mvuto usifike chini, kisha unaanza kulichambua kutoka nchani, kidogo kidogo, ukisaidiwa na kitana cha meno ya karibukaribu, kile cha kutolea chawa. Penye ugumu ulioshindikana unaingiza ncha ya mkasi mdogo wa kucha na kukata kwa kufuata urefu wa manyoya.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye mkeka, ananitazama. "Kichwa changu hiki na mvi zake zote hakijawahi kupata msusi wa namna hiyo," akasema.

"Usinicheke, mama."

"Sikucheki, mwanangu. Namwonea wivu mwenzangu."

Nikacheka. Lakini nilikuwa natazama mikono yake, na mikono yake ilikuwa imetulia mno mapajani.

Bonge la pili lilitokea siku nne baadaye, katikati ya mgongo. La tatu na la nne yalikuja wiki iliyofuata. Kwanza niliushuku ule udongo mweupe aliouleta, nikaumwaga nyuma ya nyumba mama mkwe akiwa amelala, nikanunua vumbi jingine kwa shida kubwa kupitia mtu wa Dar. Mabonge hayakukoma. Hapo nikakaa chini kufikiri kama ninavyofikiri ofisini kwangu, mbele ya mwanafunzi asiyetaka kusema.

Kama angekuwa analala kwenye mkojo, mabonge yangekuwa tumboni na miguuni. Yalikuwa mgongoni na shingoni. Kwa hiyo maji yalitoka juu. Paa lingekuwa linavuja, lakini mvua haikuwa imenyesha tangu shule zifunguliwe. Jumamosi na Jumapili, nikiwepo, hakulowa. Ilikuwa siku za kazi, kati ya saa moja asubuhi ninapotoka na saa kumi na moja jioni ninaporudi, na saa hizo nyumba nzima ilikuwa na mtu mmoja tu. Nililiweka bonge puani. Lilinuka unyevunyevu, harufu ya ghala la zamani, na ndani yake nilichomoa nyuzi mbili tatu za kahawia. Tambara la kudekia, nikajiambia. Ananikamulia mnyama wangu maji ya tambara la kudekia.

Nikafunga uzi mweusi kwenye mlango wa kizimba, mwembamba, ambao usingeuona kama hukuambiwa. Jioni niliporudi uzi ulikuwa mzima na mgongo wa mnyama ulikuwa na unyevu. Yaani hakumtoa, alimmwagia kwa juu, kupitia nyavu. Siwezi kueleza baridi iliyonipita moyoni. Mtu anayemwagia maji kiumbe kilichofungiwa nilimwona ni mtu wa aina nyingine kabisa, na mtu huyo alikuwa akinikaribisha chai kila ninaporudi.

Kuanzia hapo kila kitu kikawa ushahidi. Nyama kwenye friji ilianza kukutwa laini jioni, nikajua anafunguafungua friji mchana kutwa. Mara mbili nilimkuta anatoka kwa jirani yetu, mama mmoja anayeuza barafu na juisi za kuganda, na wote wawili wakanyamaza waliponiona. Nikajua nasemwa. Kulikuwa na gunia moja kuukuu lililokuwa likianikwa kila jioni kwenye uzio wa nyuma. Niliona anavyolikunja na kuliingiza chumbani kwake, nikadhani analitandika mchana na kulala badala ya kufanya lolote. Niliviona vyote hivyo kwa macho yangu, na hakuna kilichonipita.

Mtu atauliza kwa nini sikumwuliza. Anayeuliza hivyo hajui kwetu, wala hajui kwao. Katika hili watu wa Makete na Wazaramo tunafanana: mkwe hamkabili mama mkwe na swali la mashtaka. Unaweza kumpikia, kumfulia, kumpeleka hospitali, lakini huwezi kusimama mbele yake ukasema, "Mama, ni wewe?" Ukilisema umevunja kitu ambacho hakiungwi. Mimi ninayewauliza watoto wa watu maswali mia kwa siku, nyumbani kwangu nilikuwa bubu.

Nikatumia njia tuliyonayo, ya kusemea pembeni. Jioni moja nilikaa mbele ya kizimba, mama mkwe akichambua mchele nyuma yangu, nikamwambia chinchila kwa sauti ya kusikika, "Pole, baba. Humu ndani kuna watu wanapenda maji kuliko wewe unavyoyaogopa."

Mchele ukaacha kuchakarika kwenye ungo. Kisha nikasikia, kwa sauti ya upole, naye akimsemesha mnyama: "Mwambie mama yako humu ndani saa saba panachemka. Yeye hayupo, hajui."

Damu ilinipanda. Nyumba yetu haina dari upande wa nyuma, tuliihamia kabla haijakwisha, na hakuna kinachoniuma kama mtu kuigusia. Basi ndiyo hivyo, nikawaza. Nyumba yangu haimfai, ananilipizia kwa mnyama. Nikamjibu chinchila, si yeye, "Wenzetu wanaoishi kwenye nyumba zenye dari wana bahati."

Kilichomaliza maneno ni shungi la manyoya. Jumanne moja nililikuta sakafuni, karibu na mlango wa jikoni, mbali na kizimba, limejaa mkono. Mnyama alikuwa na kipara ubavuni. Uzi wangu ulikuwa umekatika, na mtu alikuwa amejaribu kuurudishia, akaufunga vibaya kwenye waya usiokuwa wake. Nililiokota shungi, nikaliweka kwenye bahasha ya shule. Mume wangu aliporudi nilimwonyesha bahasha, mabonge niliyoyahifadhi, nyuzi za kahawia na uzi uliofungwa vibaya, vyote nimevipanga mezani kama ninavyowapangia wajumbe wa kamati ya nidhamu.

Alivigeuza kimoja kimoja. "Umemwuliza?"

"Mimi? Nimwulize mama yako?"

"Basi nani amwulize?"

"Wewe. Ni mama yako."

"Nimwambie nini? Mama, wewe ndiye unamwagia maji panya?" Akasugua macho. "Mama aliyenizaa?"

Tukatazamana. Hakuna aliyeweza. Ndipo tukafanya kitu ambacho mpaka leo nikikikumbuka naona aibu: tukatafuta sababu ya heshima. Jumapili baada ya ibada, tukiwa mezani, mume wangu akasema kwa sauti ya mtu aliyekariri, "Mama, msimu wa korosho umeanza. Kule zinadondoka, hakuna wa kuokota."

Mama mkwe alimtazama mwanawe, kisha akanitazama mimi. Jicho lake lililopona lilikuwa linaona vizuri.

"Kweli," akasema. "Zinadondoka."

Alifungasha siku hiyohiyo. Hakuuliza msimu unaisha lini, wala hatukumwambia arudi lini. Alipofika kwenye kizimba akainama, akaingiza kidole kimoja kati ya nyavu, na chinchila akaja kukinusa haraka, jambo ambalo kwangu lilimchukua mwezi mzima. "Haya, baba," akamwambia. "Mwambie mama yako asikuache mchana." Nikajua ananipiga kijembe kwamba mimi mwanamke wa kazini sina muda na nyumba yangu. Nikaagana naye kwa adabu zote, nikamfungashia mchele na sukari, nikarudi ndani kubadilisha shuka za kitanda chake kabla gari halijafika kituo cha Kwa Mathias.

Siku tatu zilizofuata zilikuwa za mawingu, na manyoya ya chinchila yalikuwa makavu. Nilimkagua kila jioni, shingo, mabega, mgongo. Hapakuwa na bonge hata dogo. Jumatano nilimwita mume wangu.

"Unaona?"

"Naona," akasema, akaenda nje kufuta gari ambalo halikuwa chafu.

Sikumjali. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Niliandaa hata mawazo ya namna ya kumpokea mama mkwe siku akija kusalimia, nikiwa mwema, nikiwa nimesamehe.

Alhamisi jua lilirudi, kali, lile linalokausha matope kwa saa moja. Nilirudi kutoka shule saa yangu ileile. Feni ilikuwa inazunguka. Chinchila alikuwa amelala ubavu juu ya kigae, na kitu cha kwanza nilichofanya, Mungu anisamehe, ni kupitisha kiganja mgongoni mwake kutafuta bonge. Manyoya yalikuwa safi, makavu, yanang'aa, yanafunguka kila nilipopitisha vidole. Nilifika mpaka mkiani nikiwa nimeridhika, ndipo nikaelewa kwamba alikuwa mkavu na mgumu.

Nilimfunga kwenye taulo lake, nikachukua jembe, nikaenda kuchimba karibu na uzio. Jirani muuza barafu akanisikia, akaja mpaka upande wake wa uzio akiwa na kanga kichwani.

"Amekufa yule mnyama wa bibi?"

Nikamsahihisha kwamba alikuwa mnyama wangu.

"Pole sana, mwalimu. Ni leo, eeh? Leo umeme umekatika tangu saa nne, umerudi saa kumi. Barafu zangu zote maji. Yaani hawa mafundi na nguzo zao!"

"Umekatika?"

Akanishangaa. "Mbona unakatika kila siku ya kazi, wiki ya sita hii. Wanabadilisha nguzo kule juu. Nyie mnaokwenda kazini hamjui, mkirudi umesharudi." Kisha akasema, kama mtu anayemsifu marehemu, "Bibi ndiye alikuwa akihangaika naye. Feni ikizima tu, huyo anakuja kuniomba maji ya barafu, analoweka gunia, anakamua, analifunika juu ya kizimba. Anakaa hapo anampepea kwa ungo mpaka umeme urudi. Kuna siku alikuja kwangu mbio, amemkumbatia kifuani, mnyama amelegea kabisa. Tukampepea hapa kibarazani mpaka akafumbua macho. Nilidhani alikwambia."

Nilikuwa nimeshika jembe. Nakumbuka nilifukia, nikaingia ndani, nikakaa sakafuni mbele ya kizimba kitupu, chini ya maandishi yangu mwenyewe. Nilijisikia mchafu. Si huzuni ya mnyama, hiyo ilikuja baadaye. Ilikuwa aibu ya kujiona jinsi nilivyokuwa hodari.

Mume wangu aliporudi nikamwambia yote. Alipofika kwenye gunia akanikatisha.

"Gunia lililoloweshwa? Kama la mtungi?"

"Mtungi gani?"

Akaketi. Akanieleza kwamba kwao walikozaliwa, kabla ya friji, mtungi wa maji ya kunywa ulikaa kivulini umevikwa gunia la katani, na kila jua likifika utosini mtoto alitumwa kulilowesha ili maji yabaki baridi. Yeye ndiye aliyekuwa akitumwa. Ilikuwa kazi yake mpaka alipokwenda jeshini. Alieleza polepole, akinitazama usoni kuona kama kweli silijui jambo hilo, na kweli nilikuwa silijui. Makete hakuna mtu anayehangaika kupoza maji.

"Ungeniambia kuna gunia," akasema.

Katika ushahidi wote niliompangia mezani, gunia sikuliweka. Nililiona halihusiki.

Jumamosi tulikwenda Kisarawe. Mama mkwe alikuwa uani kwake, ameketi kwenye kigoda, anatenganisha korosho nzuri na mbovu kwenye turubai. Nilipiga magoti kidogo. "Shikamoo, mama." Akaitikia marahaba, akaniuliza habari za kazi, za watoto bweni, za safari. Alinipa kigoda kingine. Mume wangu alibaki amesimama karibu na gari.

"Na mwenzangu hajambo?" akauliza.

"Amekufa, mama."

Mkono ukasimama juu ya korosho. "Lini?"

"Alhamisi."

"Mchana?"

"Mchana."

"Alikuwa na nani?"

"Hakuwa na mtu."

Akaendelea kuchambua. Nzuri huku, mbovu kule. Nilisubiri anilaumu, nilitamani kabisa anilaumu. Ndipo nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu niolewe. Nikamwuliza.

"Mama, kwa nini hukuniambia umeme unakatika?"

Alifikiri. "Ningekwambia vipi, mwanangu? Wewe ni mtu wa kazi. Umeandika karatasi kubwa ukutani, nikaona unavyompenda. Nikwambie ukiwa shuleni mnyama wako anaungua, ufanye nini, uache shule? Ningekuwa nakusuta bure. Nikasema acha nikae naye mimi, nami nipate cha kufanya." Akapuliza vumbi kwenye korosho moja. "Yale matone niliyaona yanamdondokea. Nilikuwa nalikamua gunia kwa nguvu zangu zote, lakini viganja hivi havina tena nguvu ya kukamua."

"Mimi nilidhani..."

"Najua ulichodhani. Uzi niliuona." Aliusema bila hasira. "Siku ile ya kumtoa nilipoukata, nilijaribu kuufunga tena ulivyokuwa. Jicho hili huona vizuri vya mbali, pale karibu halikuona pa kupitisha."

Nililia. Nililia mbele ya mkwe, jambo ambalo nalo halifanywi. Nikamwomba radhi kwa kila kitu, hata udongo nilioumwaga, na akanipangusa uso kwa upindo wa kanga yake, akasema ameshasamehe, akasema tangu siku ile mezani alishasamehe, kwa sababu hatukujua. Sauti yake ilikuwa ileile ya upole aliyokuwa akimsemeshea mnyama.

"Chumba chako kipo, mama," nikasema. "Turudi leo. Korosho tutamwachia jirani."

Alimtazama mwanawe pale kwenye gari, akanitazama mimi, akatabasamu kama mwenyeji anavyomtabasamia mgeni.

"Nitakuja kuwatembelea," akasema. "Nyie niambieni tu ni siku gani mna nafasi, nami nitakuja."

Mume wangu alisikia. Akageuka, akaweka mkono juu ya paa la gari, akabaki ametazama upande wa mikorosho. Mama yake alikuwa anaomba apangiwe siku ya kufika nyumbani kwa mwanawe, na mimi ndiye niliyesubiriwa kuitaja.